Mafuta ya Kukamulia

Juzi mjini Kitale, kwenye duka la dawa za mifugo, mama mmoja mkulima aliomba mafuta ya kukamulia.

"Uko na ng'ombe ngapi, mama?" muuzaji akauliza.

"Sina. Ni ya mikono yangu."

Muuzaji akacheka. "Si uende kwa duka ya urembo? Huko kuna losheni ya watu."

"Nimetoka huko. Ile ya kunukia maua iliniwasha wiki nzima. Ngozi yangu ni kavu, inataka mafuta mazito bila manukato. Leta."

Alifungua mkebe papo hapo, akajipaka kidole kwa kidole mbele yetu wateja sote, kisha akamtazama muuzaji mpaka akaacha kucheka.

Chupa nyingi za losheni zimeandikwa kwamba zinafaa ngozi zote. Walioandika hawakumuuliza mama huyu.