Sarafu Niliyoirusha Gisenyi

Niliondoka Ngara kwa sababu mwenzangu aliumwa mgongo. Yeye ndiye aliyepaswa kwenda Gisenyi kuongoza mdahalo wa Kiswahili wa vijana wa vyuo, na mgongo ulipomlaza akanitaja mimi bila hata kuniuliza. Nimeongoza midahalo tangu nikiwa mwalimu wa sekondari. Sasa nimestaafu, magoti yananiuma, na masikio nayo yamechoka. Nimesikia vijana wakibishana kama mahakama za kimataifa zinawaonea Waafrika, kama vikwazo vya kiuchumi vinamuumiza mtawala au mama muuza nyanya, kama nchi tajiri zilipe fidia ya utumwa. Kengele inalia, watu wanapiga makofi, wanakunywa soda, na dunia inabaki pale pale. Nikamwambia mwenzangu kwamba hii ya Gisenyi ndiyo ya mwisho. Akacheka pale kitandani, akasema hata mwaka jana nilisema hivyo hivyo.

Asubuhi nilikuwa Rusumo. Wale ambao hawajavuka pale wajue kwamba huku kwetu gari linashika kushoto na ng'ambo ya daraja linashika kulia, kwa hiyo dereva hubadilisha upande na abiria hushika roho. Afisa wa upande wa pili alininyang'anya mfuko wa plastiki, maana kule hawautaki kabisa, akaniachia ndizi zangu mikononi. Nilivuka mpaka nimezikumbatia kama mtoto mchanga. Yeye hakucheka, nami sikuwa na nguvu za kumlaumu.

Kigali sikuiona. Niliona kituo cha mabasi cha Nyabugogo, kelele zake na choo chake, nikapanda basi la Gisenyi. Barabara inapanda mlima, inashuka, inapanda tena, na baada ya Musanze baridi ikaingia hadi kwenye magoti yangu. Karibu na mwisho wa safari tulipita Kanzenze. Ni mahali pa wakulima: udongo mweusi wa volkano, magunia ya viazi kando ya lami, wanawake wakiosha karoti. Nilipatazama kama unavyotazama mahali usipomjua mtu, nikafumba macho.

Jioni tukateremka Gisenyi, na ziwa Kivu likawa mbele yetu, pana na tulivu. Upande wa kulia nyumba za mji zinaendelea mpaka zinakuwa za Goma, na mgeni hawezi kukuambia Rwanda inaishia wapi. Waandaaji walikuwa wamenipangia kulala kwa Mama Diane, fundi cherehani anayeishi jirani na Petite Barrière, ule mpaka mdogo ambao wachuuzi na wapagazi huvuka tangu alfajiri. Binti yake, Diane, anasoma sheria, na alikuwa mmoja wa wasemaji. Niliuliza kama ni sawa mwenyekiti kulala kwa msemaji. Wakasema mwenyekiti hatoi alama, anapiga kengele tu. Kweli, kazi yangu ni kengele.

"Karibu, mwalimu," Mama Diane alinipokea. "Pole ya barabara. Nyumba iko kidogo, lakini mahali ya mugeni iko."

Alinipa chai ya maziwa na sambaza wa kukaanga, vidagaa vya ziwa lile, na nilipojisifu kwamba nimeshiba akaniongeza. Ni mama mwembamba, mcheshi, ambaye sindano hazimtoki kwenye kola hata akiwa anakula. Walitoka Masisi, ng'ambo ya Goma, Diane akiwa mdogo, baada ya baba yake kuuawa. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Watu wenye bunduki kutoka msituni walisimamisha lori lake barabarani, na hakurudi.

Kesho yake asubuhi Diane alinisindikiza ufukweni ninyooshe magoti. Huko ndiko aliponiambia yaliyobaki. Mmoja wa watu waliokuwa barabarani siku ile ameacha bunduki, amerudi huku Rwanda, sasa analima viazi Kanzenze. Ametuma ujumbe kwa mkono wa pasta wao: anaomba kuja kumwona mjane na kuomba msamaha. Ametuma mara ya kwanza, ametuma tena.

"Mama anasema nini?" niliuliza.

"Mama anasema hawezi kama mimi sitaki," Diane alisema. Kiswahili chake kwangu kilikuwa cha mdahalo, kilichopigwa pasi. "Na mimi sitaki, Mwalimu. Nilimwambia, siku mtu huyo akikanyaga kwetu, mimi natoka."

Nikamgeuza turudi nyumbani. Katika umri wangu nimejifunza kwamba si kila neno linaloletwa kwako linataka jibu.

Mchana tulikusanyika chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa kwa ajili ya kura. Nieleze hapa, maana msomaji asiyejua midahalo atapotea. Msemaji hachagui upande. Hoja inasomwa, sarafu inarushwa, na sarafu ndiyo inayosema nani atetee na nani apinge. Halafu tuna desturi nyingine: wasikilizaji hawaambiwi. Tunataka waamini kwamba msemaji anaamini, la sivyo utamu unapotea. Sisi wa midahalo tumeizoea desturi hiyo kiasi kwamba tunadhani dunia nzima inaijua.

Hoja ya siku ile ilikuwa: wapiganaji wanaoweka silaha chini wasamehewe na sheria ili vita viishe. Nilitoa sarafu yangu ya shilingi mia mbili, ile yenye simba. Simba kutetea, nikasema, nikairusha. Diane akapata simba.

"Hakuna namna ya kubadilishana?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna," nilimwambia. Ndiyo kanuni, na nimeisema maisha yangu yote.

Ukumbi ulijaa. Kijana wa upande wa kupinga alikuwa hodari. Alisema kuna makosa ambayo sheria za kimataifa haziruhusu kuyafuta, kwamba serikali haiwezi kusamehe kwa niaba ya aliyeuawa, kwamba ukimsamehe muuaji wa leo unamfundisha muuaji wa kesho. Watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe moyoni nilikuwa upande wake.

Kisha Diane akasimama. Alianza na sheria, taratibu. Akasema mtu anayejua kwamba nje ya msitu anangojwa na gereza atabaki msituni, na akibaki atakula kwa bunduki. "Mnataka haki ya aliyekufa jana," alisema. "Na mimi naitaka. Lakini ni nani atakayemdai haki yake yule atakayekufa kesho?" Halafu akafanya kile wanachofundishwa wafanye: weka mtu wako ndani ya hoja. Akasema, "Baba yangu aliuawa kwenye barabara ya Masisi. Namjua mmoja wa waliokuwa pale. Mimi, mtoto wake, nasema mwacheni arudi nyumbani."

Nilisahau kupiga kengele. Katika safu ya mwisho mwanamke mmoja mwembamba aliyevaa kitenge cha sikukuu alisimama, akafuta uso, akatoka. Alikuwa Mama Diane; hatukujua kama angekuja, kwa sababu siku za kazi hafungi cherehani yake. Diane alimwona mgongo tu.

Alishinda, bila shaka. Tulirudi nyumbani kwa miguu, naye alibeba zawadi yake kwapani kama kitu cha kuazima. Alidhani mama amekasirika. Hata mimi nilidhani hivyo, na nilikuwa nikitunga maneno ya kumtuliza. Tulimkuta jikoni na sufuria kubwa motoni, anaimba.

"Nimepigia pasteur," alisema bila kugeuka. "Atamuleta ule mutu kesho asubuhi."

"Mutu gani, Mama?" Diane aliuliza, ingawa alijua.

"Ule wa Kanzenze. Miaka yote mi nilikuwa naogopa juu yako. Nikisema namusamehe, mutoto yangu atasema nimesahau baba yake. Leo nimekusikia na masikio yangu. Kama we unaweza, mi naweza."

Diane alinitazama. Nitawaambieni ukweli, nilitamani basi la kurudi liwe mlangoni. Lakini sarafu ilikuwa yangu. Nikavuta kigoda, nikamweleza Mama Diane: chumba cha nyuma, sarafu, simba, desturi. Alisikiliza akikoroga.

"Donc, basi, kama ingeanguka ingine upande," aliuliza mwishowe, "angesema ingine?"

"Ndiyo, mama."

"Na baba yake angemutia ndani ya maneno yake vile vile?"

Nilimwangalia Diane. Alikuwa anatazama sakafu. "Vile vile," alisema mwenyewe.

Mama Diane aliteremsha sufuria. "Mi sijui mashindano," alisema. "Mi nimesikia mutoto yangu. Sasa uniambie we mwenyewe, bila pesa ya kurusha. Nipigie pasteur asimulete?"

Diane alipanga sahani. Tulikula, na hakujibu. Nimesikia hotuba nyingi sana katika maisha yangu, lakini ukimya ule ulinichosha kuliko zote. Niliumia kwa ajili yao wote wawili na sikuwa na kengele ya kuumaliza.

Asubuhi simu ilikuwa haijapigwa. Mama Diane alifagia ua, akapanga viti, akabadilisha kitenge. Basi langu lilikuwa la mapema, na Diane akasema atanipeleka. Alikuwa amebeba begi langu, na begani alikuwa na lake la chuo, limejaa kuliko vitabu vinavyohitaji. Nikakumbuka alichoniambia ufukweni.

Tulikutana nao langoni. Pasta alikuwa mbele, na nyuma yake mwanaume wa makamo, mfupi, na kiroba cha viazi kichwani. Viatu vyake vilikuwa vimeoshwa. Alipotuona alikitua chini, akavua kofia.

"We njo Diane?" alisema. "Pasteur ameniambia. Ati mbele ya watu wote ni we ulisema niachwe nirudi. Mi sikufikiria. Asante, mutoto ya marehemu."

Nilisimama pale na begi langu, nikijua neno lililokuwa mdomoni mwa Diane. Lilikuwa fupi na la kweli: ilikuwa sarafu. Angeweza kulisema, na hakuna mwamuzi duniani ambaye angemkata alama. Diane alimtazama mtu yule kichwani, mahali kofia ilipokuwa.

"Mama iko ndani," alisema. "Anakungoja. Ingia."

Tukatembea mpaka kituoni. Tulipofika akanipa begi langu, akabaki na lake.

"Sijamsamehe, Mwalimu," alisema.

"Najua."

"Ningeweza kumwambia. Lakini alikuwa ameshavua kofia."

Nilipoketi dirishani nilimwona bado amesimama, begi begani. Njia ya kwenda chuoni iko kulia kwa kituo. Alishika ya kushoto, ya nyumbani, akitembea polepole kama mtu aliyetumwa.

Kanzenze nilipita macho wazi. Nilitafuta shamba lake, ingawa yote yanafanana. Rusumo nikavuka daraja, gari likarudi kushoto, na Ngara nilifika nimechoka vile vile nilivyoondoka.

Mwenzangu alikuwa ameanza kukaa. Aliniuliza nani alishinda. Nikamwambia upande wa kutetea, nikaenda kulala.

Tangu siku hiyo wameniita tena, kwenye mdahalo mwingine, kuhusu wakimbizi. Nimekubali, kwa sharti moja: sarafu nitairusha mbele ya ukumbi, kila mtu aione inavyoanguka. Waandaaji walilalamika kwamba nitaharibu utamu. Nikawaambia uharibike.