Karatasi Zisizoliwa na Mchwa

Mwaitu, ndivyo ninavyomwita mama, ana vita na mchwa. Kwetu Kilungu wakianza na mguu wa kabati, mwisho wanafika kwa karatasi. Walikula cheti chake cha ubatizo, wakaacha pembe moja tu. Tangu hapo kila karatasi ya maana anaipeleka sokoni ivishwe plastiki kwa ile mashine ya moto. Vyeti vyangu vyote, picha ya harusi yao, hata kadi ya chanjo ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe aliuzwa zamani, kadi bado inang'aa.

Kwa hivyo nilipopata kazi ng'ambo, ya kutunza wazee kwenye nyumba yao, sikuwa na wasiwasi wa karatasi. Tayari nilijiona nikimsukuma bibi mmoja kwa kiti cha magurudumu kwenye theluji, nikimfundisha salamu za Kikamba. Mimi huota haraka hivyo. Kilichobaki ni vyeti vikubaliwe kule: wakili agonge muhuri, ofisi ya serikali Nairobi ithibitishe, halafu ubalozi.

Kwa wakili, mjini Wote, tulienda pamoja. Mwaitu alivaa nguo ya Jumapili. Alipotoa cheti changu cha kuzaliwa alikipangusa kwanza na leso, akamwambia wakili hicho hata ukikimwagia chai hakisikii.

Wakili akacheka kwa heshima, akakigeuza huku na huku. Kisha akamwomba mama aende kwa karani akaandikishe jina. Alipotoka, wakili akashusha sauti.

"Msichana wangu, nakala nitakugongea. Lakini Nairobi watataka kugonga nyuma ya cheti chenyewe. Sasa hiki watakigonga wapi? Wino haushiki kwa plastiki."

"Si tuitoe?"

"Itatoka na maandishi. Omba kingine upesi. Hao wa kazi wanakutaka lini?"

Nikamwambia kabla baridi yao haijaanza. Akaendelea kusaini nakala.

Pale kwenye ngazi nilijaribu kuinua kona na ukucha. Karatasi ikaanza kuchanika, nikaacha. Mwaitu akatokea, akauliza kama wakili amesifu karatasi zetu. Nikasema amesifu sana.

Niliomba cheti kingine bila kumwambia. Yeye alikuwa ananifumia sweta, na kila jioni ananipima mkono huku akiniuliza kama huko wanakula maharagwe. Cheti kipya kilikuja, chepesi, bila mkunjo. Lakini ujumbe wa kazi ulikuwa umekitangulia. Nafasi wamempa mtu ambaye karatasi zake zilikuwa tayari, na wananitakia heri.

Niliusoma nikiwa kando ya tangi la maji. Nililia kidogo kwa sababu ya ile theluji, siwezi kukataa. Halafu nikafikiria mwanamke aliyelinda vyeti vyangu kuliko vitu vyake vyote, na jinsi ya kumwambia kwamba ni huko kulinda kulikonifungia njia. Nikaingia ndani nikamwambia nyumba ile ya wazee imefungwa.

Akaacha kufuma.

"Pole, mwana wakwa," akasema. Nikadhani yameisha. Akainua macho. "Na wale wazee wamepelekwa wapi?"

"Wamepata nyumba nyingine."

"Iko na joto?"

"Iko na joto, mwaitu."

Jumatano alisimama katika ushirika wa akina mama akawaombea wale wazee, akiwataja kama majirani wetu wa kule ng'ambo. Akina mama wale husikia ombi na kulibeba mpaka nyumbani. Sasa nikienda sokoni wananisimamisha. Mmoja huuliza kama wazee wamezoea, mwingine kama yule bibi wa kiti cha magurudumu analala vizuri, maana hata huyo nilishamsimulia mama. Kila wiki inabidi niwe na habari zao.