Nyanya Alivyosimulia Bihambwe

Juzi, katika mji huu wa mbali ninamoishi siku hizi, jirani aliniuliza natoka wapi. Nikamjibu kwa kifupi: Kongo, upande wa milima. Aliridhika. Mimi, rafiki yangu, sikuridhika. Nilikaa dirishani mpaka chai ikapoa, nikimkumbuka nyanya.

Ilikuwa kabla ya uhuru, nami ningali msichana mdogo. Mama mdogo, kitinda mimba wa nyanya, alikuwa ameolewa Itebero, kule msituni Walikale. Siku moja habari ikatufikia kijijini kwetu Bihambwe, milimani: amejifungua salama, lakini hali chakula, hasemi na mtu, na maziwa yanamkauka. Nyanya akafunga maharagi katika kitambaa, akanishika mkono, tukashuka. Tuliacha ukungu na baridi yetu, tukaingia kwenye joto lenye harufu ya majani yaliyolowa na mawese, na ndege wenye sauti nisizozijua.

Tulimkuta amelala akitazama ukuta, mtoto akilia kando yake. Mama mkwe wake, mwanamke mpole, alitukaribisha kwa ndizi na samaki wa mtoni, kisha akauliza, "Mama, kwenu kuko namna gani? Huyu hajatuambia kitu."

Nyanya akaanza polepole, huku akichambua maharagi.

"Kwetu asubuhi milima haionekane. Unasikia tu watu wanasalimiana mu ukungu. Jua ikitoka, unaona moshi ku kila kilima, na kijito yenye inapita mbele ya nyumba yetu..."

"Nyuma," sauti ikatoka kitandani.

Nyanya akaendelea kuchambua maharagi.

"Iko inapita nyuma, mama. Mbele njo kuko shamba ya mihogo."

"Eh, mutoto wangu, nimezeeka. Na kanisa, iko upande gani?"

Mama mdogo akajigeuza. Akaeleza kanisa lilipo, akaeleza kengele yake, akaeleza mteremko ambapo wasichana waliteleza na mitungi yao wakacheka. Alisimulia mpaka maharagi yakaiva. Akala. Kisha akanyoosha mikono apewe mtoto.

Njiani tukirudi nilimwuliza nyanya kama kweli alisahau kijito alichochotea maji maisha yake yote. Alicheka tu, akaendelea kupanda mlima.

Mama mdogo alibaki Itebero, akazaa wengine, akazeekea huko. Sasa yeye na nyanya hawapo, na nyumba yetu ile haipo. Mimi nikisimulia Bihambwe ugenini, watu husikiliza kwa adabu, hata ninapokosea.