Dakika ya Kumkumbuka Mzee Kibwana

Wasomaji wenzangu, mpaka leo naona haya kupita Morogoro. Mada yangu katika mkutano wa mwaka wa wanahistoria ilihusu kiwanda cha nguo kilichobinafsishwa, na niliegemea simulizi za Mzee Kibwana, fundi mitambo wa zamani pale. Siku chache kabla ya mkutano nilikwenda kwake kumwalika. Jirani yake akatikisa kichwa.

"Mzee katuacha, ndugu yangu. Walipompunguza kazini tu, hakukaa."

"Poleni sana."

"Ahsante, tumeshapoa."

Mtafiti mzima, kazi yangu kuuliza, nisiulize hata neno moja zaidi!

Ukumbini nikawaomba wote wasimame dakika moja kumkumbuka marehemu. Wakasimama. Profesa aliyenifundisha akavua miwani, akafuta machozi. Kimya kilipokwisha, sauti ninayoijua ikatoka nyuma:

"Mwanangu, huyo Kibwana ni mimi. Nilirudi kwetu Matombo, nalima migomba. Nimesikia leo unatusemea, ndiyo nikashuka milimani nikusikilize."

Alikuwa bado amesimama kwa heshima, kama wenzake. Nikamwamkia shikamoo mbele ya ukumbi mzima, kisha nikawaomba wote wakae.