Majani ya Mgomba Kwenye Bomba la Jiko

"Mama, ni wewe uliyeziba bomba la moshi la jiko kwa majani ya mgomba?" Yuditha, mke wa marehemu mwanangu, alinifokea. Mgongoni mwanawe Lucky alikuwa akikohoa.

"Moshi usipopanda darini, wadudu dumuzi watamaliza mahindi tuliyohifadhi huko," nikamjibu. " Mwaka ule walikula mpaka ngazi."

"Acha hadithi zako! Tuweke kuni kavu, chache, bomba liwe wazi. Mtoto hapumui!"

Sikuhisi kitu. Tangu tumzike mwanangu Eliufoo, hata moshi haunitoi machozi. Mahindi yale aliyapandisha darini yeye, mara yake ya mwisho kabla ya kufa.

Lucky akakohoa tena. Nikachukua fimbo, nikazibua bomba. Moshi ukatoka, kikohozi kikapungua.

"Sasa mahindi ya Eliufoo..." nikaanza.

"Hodi!" Akaingia Jesse, mdogo wake Eliufoo, kwa sauti ileile ya kaka yake. Sote wawili tukageukia mlango, kana kwamba ni Eliufoo amerudi.