Figo ya Chumvi

Mwoka mikate mmoja wenzake walimwita Chumvi, kwa kuwa hakuna mazungumzo aliyoyaacha bila kuyatia mzaha. Figo za mdogo wake wa kike ziliposhindwa kazi, na vipimo vikaonyesha kwamba figo ya Chumvi ingemfaa, aliwatangazia watu mbele ya tanuri: "Mungu kanipa mbili. Moja ni spea!" Wote wakacheka. Hakuna aliyejua kwamba wiki nzima ya kusubiri majibu hakupata usingizi. Ugonjwa huohuo ndio uliomwondoa mama yao, naye aliamini zamu yake inamnyemelea.

Mdogo wake, mwalimu wa hesabu, alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mwaka wa pili sasa. Mishipa ya mkono wake wa kushoto ilikuwa imetuna kama kamba, na siku nyingine miguu ilivimba hata viatu vikakataa kuingia.

Asubuhi ya upasuaji, Chumvi akiwa wodini, muuguzi alimchora alama ubavuni kwa kalamu nyeusi. "Ni hapa," akasema, akaenda zake. Chumvi akaitazama ile alama. Aliwaza watoto wake watatu. Akawaza kisu. Akamkumbuka mama yake siku ile ya mwisho, uso umevimba, hamtambui mtu. Akavaa suruali, akatia koti juu ya gauni la hospitali, akatokea mlango wa nyuma kama mwizi.

Miguu ikampeleka kazini. Wenzake walipomwona, wakampisha mezani. Alinawa, akaanza kukanda unga. Simu ikalia. Alidhani ni mkewe, akajiandaa kwa matusi. Kumbe ni mdogo wake.

"Kaka, uko wapi?"

"Nimekuja mara moja tu kuangalia tanuri. Hawa wataunguza mikate, unawajua..."

"Kaka. Leo usinitanie."

Unga ulikuwa umemgandia vidoleni.

"Naogopa, mdogo wangu." Hakuwahi kumwambia mtu neno hilo. "Naogopa kufa. Naogopa nikupe, halafu ikatae, nikuone unaenda kama mama."

"Hata mimi naogopa. Tangu nimeamka nimetapika mara mbili." Akavuta pumzi. "Usiporudi, wewe bado ni kaka yangu, sitakununia. Ila nijibu moja. Umekula?"

Chumvi akaitazama mikate iliyotoka motoni, imejaa meza hadi dirishani. Tumbo lilikuwa likimnguruma. Daktari alikuwa amemkataza kula na kunywa kabla ya upasuaji.

"Sijala."

"Hata kipande?"

"Hata maji."

"Basi bado hujakimbia," akasema mwalimu.

Mwenzake mmoja alimrudisha hospitali kwa pikipiki, unga ungali masikioni. Daktari akafoka, kisha akausogeza upasuaji hadi saa saba mchana. Vitanda vyao vilipokutana kwenye korido, mdogo wake alimshika mkono. Mikono yote miwili ilikuwa baridi kama maji ya mtungi.

Alipozinduka, ubavu ukiwaka moto, aliuliza, "Inafanya kazi?" Mkewe akainamisha kichwa. Mfuko wa mkojo kitandani kwa mdogo wake ulikuwa mkavu. Siku ya pili, matone. Chumvi hakumtania mtu. Kila muuguzi alipoingia, yeye alimkodolea macho, akitafuta habari mbaya usoni mwake. Siku ya tatu mkewe akaingia mbio, analia na kucheka kwa pamoja.

"Umejaa! Mfuko umejaa, wameshaubadilisha mara mbili!"

Mwaka umepita. Mwalimu amerudi darasani, na Chumvi anaoka kama zamani, ingawa magunia hanyanyui tena. Hofu ndiyo haijaondoka. Siku za kliniki, mdogo wake akichelewa kupokea simu, Chumvi huacha kila kitu, akatoka nje na kupiga tena, na tena, hadi asikie sauti imekasirika: "Kaka, nilikuwa foleni! Hebu nenda kaoke."