Nilimkuzia maandishi mzee ambaye siye

Wakuu, heshima kwenu. Na nyie mnaosoma kwa kujificha mkiwa kazini, nawaona, karibuni.

Hili ninaloleta sijalisikia kwa mtu. Limenikuta mwenyewe, na hadi leo likinijia nikiwa natembea barabarani huwa nasonya peke yangu watu wakageuka. Kwa hiyo mtakaotaka kunisema huko chini mjue mmechelewa, mimi nilishajisema sana.

Ni kisa cha faili moja la mistari minne. Mistari minne tu, na nusura imwondoe mzee wa watu kazini.

Ilikuwa miaka ile baada ya ruksa. Biashara zimefunguka, Kariakoo kila mwenye fremu anaagiza mzigo Dubai, na kompyuta ndo zinaingia maofisini, tena mitumba kutoka Ulaya. Ukijua kuizima bila kuchomoa waya ukutani, tayari wewe ni mtaalamu.

Mimi nilikuwa mtaalamu.

Nilikuwa na kalamu nne mfuko wa shati na diskette tatu mfuko wa pili. Shati jeupe, joto la Dar lile, jasho linatiririka, lakini tai sivui. Ningevua watu wangejuaje?

Nikapata kazi kwenye duka la spea za malori pale Mchafukoge. Mwenye duka alikuwa Hitesh, kijana wa Kihindu anayeishi Upanga, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili chake cha mjini kinanizidi mimi niliyekuja Bongo nimeshaota ndevu. Hakuwa amenizidi hata miaka kumi. Ila ndiye aliyekuwa anasaini barua, kwa hiyo sisi wa ofisini tulimwita Mzee. Mnajua wenyewe, Bongo bosi akiwa na miaka thelathini ni Mzee, na mlinzi wa miaka sitini anaitwa kijana.

Sasa hilo neno lishikeni.

Duka na ofisi vilikuwa chini. Stoo ilikuwa ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, giza, maboksi hadi dirishani. Huko juu alikaa mtunza stoo, Mzee Salum. Huyu aliajiriwa na marehemu baba yake Hitesh. Alijua kila bearingi na kila gasketi iko rafu gani, na zamani aliandika kila kitu kwenye kadi kwa mkono wake, herufi kubwa nzuri za kizamani.

Mauzo alikuwepo dada mmoja, Mwajuma. Hao ndo watu wote wa kisa hiki, hakuna wengine.

Hitesh akataka kadi ziishe, stoo iwe kwenye kompyuta. Tukapewa mashine tatu chakavu, memori yenyewe kiduchu, ukifungua program nzito mashine inakaa inawaza. Nikaweka Linux. Hapo mtaani kwetu Linux hata jina hawajalisikia, kwa hiyo nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kwa wasioifahamu: program ya stoo ilikuwa ya maandishi matupu, inafunguka ndani ya dirisha linaloitwa terminal. Mimi nikachagua terminal nyepesi kuliko zote, rxvt, maana mashine zisingeweza kubeba zaidi. Hapo sikukosea, nawaapia. Ni kitu pekee ambacho sikukosea.

Uzuri wa rxvt, muonekano wake unaupanga kwa njia mbili. Ya kwanza, unaandika mwenyewe wakati wa kuifungua, kwa mfano -fn halafu font unayotaka, yaani aina na ukubwa wa herufi, -bg rangi ya nyuma, -fg rangi ya maandishi. Ya pili, unaandika mara moja tu kwenye faili linaitwa .Xdefaults, nalo linakumbuka siku zote. Na kila dirisha unaweza kulipa jina lake kwa -name, ili faili lijue lipi lipewe nini.

Mashine ya mauzo nikaipa jina mauzo. Ya juu nikaipa stoo. Ya Hitesh, kwa heshima na taadhima, nikaipa mzee.

Halafu nikaanza ufundi.

Nilikuwa nimeona picha ya video, jamaa anavunja kompyuta za benki, kioo cheusi, maandishi ya kijani yaliyofifia. Nikasema ofisi yetu lazima ifanane na ile. Nikaandika:

Rxvt*font: 5x7
Rxvt*background: black
Rxvt*foreground: green4

Hiyo 5x7 kwa msiojua ni herufi za ukubwa wa sisimizi. Nilizichagua kwa sababu madirisha manne yalienea kioo kimoja na ilikuwa inapendeza ukisimama mbali. Hakuna kazi iliyohitaji madirisha manne. Hata mawili hayakuhitajika.

Haikupita wiki, Mwajuma akaniambia akiwa anapita na risiti mkononi: "Mzee anasema maandishi hayaonekani, mkuzie."

Nikasema sawa.

Wakuu, Mwajuma alianzia kazi stoo. Bosi yeye alikuwa anamwita Hitesh bhai, yaani kaka Hitesh, siku zote, mbele yangu, kila siku. Kwake yeye Mzee alikuwa mmoja tu, Mzee Salum. Na mimi mwenyewe kila asubuhi akipita kupanda stoo nilikuwa namwambia Mzee Salum "shikamoo mzee", ananijibu "marahaba mwanangu". Lakini nilipoambiwa mzee hasomi, kichwa changu kilienda moja kwa moja kwa bosi. Mwenye macho mabovu angekuwa nani mwingine, ikiwa mwenye duka ndo mzee?

Nikaongeza mstari wa nne:

mzee*font: 10x20

Nikausambaza kwenye mashine zote tatu kwa waya, bila kunyanyuka kwenye kiti. Kupanda ngazi za nini wakati kuna network?

Hitesh akafungua dirisha lake, likajaa kioo kizima. Akaniuliza leo nimemletea TV? Nikajibu, "Heshima yako, Mzee." Akacheka, akaendelea na simu yake. Nami nikamwambia Mwajuma tayari, mzee nimeshamkuzia. Mwajuma akasimama chini ya ngazi, akampaazia sauti Mzee Salum kwamba tayari yameshakuzwa.

Mzee Salum akashukuru kutoka huko huko juu.

Fikirieni kidogo. Mtu wa umri ule yuko mbele ya kioo, haoni kitu. Anaambiwa maandishi yameshakuzwa. Anatazama tena. Bado haoni kitu.

Hakulalamika tena. Angelalamika nini? Aliona shida sasa ni yake.

Wiki mbili zilizofuata makosa yakaanza. Namba za spea ni ndefu, na tatu ikififia inafanana na nane. Dereva mmoja alirudi kutoka Morogoro na bearingi zimefungwa kwenye gazeti, siyo zenyewe, lori limelala njiani siku mbili. Fundi mwingine akarudisha filta. Halafu gasketi. Wateja wa siku zote wakaanza kununulia duka la jirani. Asubuhi tukiamkiana, sote kwa zamu tukamshauri Mzee Salum akapime macho.

Hitesh akaniita, akaniuliza kompyuta ya stoo ina tatizo gani.

Nilikuwa kwenye kile kiti cha kuzunguka. Nakumbuka nilizunguka nusu duara kabla ya kujibu.

"Haina tatizo, Mzee. Tatizo ni mtumiaji."

Nikamwongezea na Kiingereza, user error, ili ajue nimesoma. Sikwenda kuangalia. Sikuuliza hata kosa lenyewe likoje.

Hitesh alitazama upande wa ngazi za stoo. Yule Salum alikuwa akimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, Mwajuma ndiye aliyenihadithia baadaye. Mwishowe akasema basi, mwisho wa mwezi Mzee Salum apumzike, atafutwe mtu mwingine. Akaenda kumwambia mwenyewe, na aliporudi alifunga mlango wa ofisi. Mimi nilirudi kwenye madirisha yangu manne.

Siku tatu kabla ya mwezi kuisha nikatumwa juu kuiandaa mashine kwa ajili ya mtu mpya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda kule tangu nilipoifunga.

Nilimkuta Mzee Salum amevaa miwani mipya, pua inakaribia kugusa kioo. Nikamwamkia. Akaniambia alienda hospitali kule Upanga, daktari akampima akamwambia macho yake siyo mabaya kwa umri wake, akampa na miwani ya kusomea. Gazeti anasoma vizuri. Ila hiki kioo ndo kimemshinda, labda ugonjwa wake ni ule ambao daktari hakuuona.

Aliongea kwa upole kama mtu anayeomba radhi. Halafu akaniuliza swali, na hakuwa ananikejeli, alikuwa anataka kujua kweli:

"Hivi mwanangu, kabla hujayakuza yalikuwa madogo kiasi gani?"

Nikataka kumuuliza, kuyakuza lini?

Sikumuuliza. Nikatazama juu ya dirisha lake, pale kwenye jina. Limeandikwa stoo. Nikainama kutazama maandishi yenyewe, na mle gizani, mbele ya kijani ile iliyofifia, hata mimi mwenye macho ya ujana ilinibidi nikunje uso. Mzee. Mwajuma alisema mzee.

Nikakaa kwenye boksi la filta.

Halafu nikamwomba anipishe kidogo. Sikugusa faili kwanza, nikaandika hapo hapo:

rxvt -name stoo -fn 10x20 -bg white -fg black

Dirisha jipya likafunguka, jeupe, herufi nyeusi. Nikafungua program ya stoo nikamrudishia kiti.

Akakaa. Akaanza kusoma kwa sauti. Pampu ya maji, rafu ya nne. Gasketi ya kichwa, rafu ya sita. Namba zote, moja moja, tatu anasema tatu na nane anasema nane. Alisoma ukurasa wa kwanza, akabonyeza ukurasa wa pili, akasoma na huo wote. Mimi nimesimama nyuma yake natamani aniambie hata neno baya.

Alipomaliza alivua miwani akaifuta kwa shati. Ikawa anafuta tu, haachi.

Nikashuka. Nawaambia ukweli, kwenye zile ngazi niliwaza kunyamaza. Kwamba niseme nimeiboresha mashine, mzee abaki, mimi nipewe sifa. Niliwaza hilo, nisiwadanganye. Lakini sauti ya kusoma pampu ya maji ilikuwa bado masikioni.

Nikaingia kwa Hitesh. "Mzee, tatizo la stoo siyo mtumiaji. Tatizo ni mimi."

Nikamweleza lote, hadi la neno mzee. Nilitegemea anifukuze. Hakunifukuza. Alitoka akapanda juu, mimi nyuma. Lile dirisha la zamani bado lilikuwa wazi pembeni, akainama kulisoma. Akajaribu. Akasogea karibu zaidi. Akashindwa hata mstari wa kwanza.

Akasema, "Mzee wangu, tusamehe." Ndo mara ya kwanza namsikia Mzee akimwita mtu mzee.

Mzee Salum alimtazama, akanitazama na mimi. Hakupandisha sauti.

"Wote mlinishauri nikapime macho," akasema. "Hakuna aliyepanda kuja kukitazama kioo."

 Mwajuma alikuwa ameshafika kwenye ngazi, na yeye akainamisha kichwa.

Hitesh akamwomba abaki, ile habari ya kupumzika ifutike. Mzee Salum akakubali bila masharti, ila akaomba ruhusa aondoke mapema siku hiyo. Hitesh akamuuliza kama anaumwa.

Akasema haumwi. Anakaa Kigamboni, na tangu aseme nyumbani kwamba anapofuka, mkewe kila siku anavuka na pantoni hadi Magogoni, anatembea hadi dukani kuja kumshika mkono. Anataka kumuwahi kabla hajatoka, akamwambie anaona.

Wakuu, hapo ndipo nilipolia. Mtaalamu mzima, na tai yangu.

Nilichojifunza hakina mambo mengi. Mtu akikwambia hasomi, nenda ukakae kwenye kiti chake, utazame anachotazama yeye. Na mtu akiacha kulalamika, usifikirie umemtatulia shida. Inawezekana ameshaamini kwamba yeye ndo shida.

Sasa waungwana, uwanja ni wenu. Wangapi humu mmewahi kusema tatizo ni mtumiaji, na hamjawahi kwenda kumtazama huyo mtumiaji? Semeni hapo chini, na yule atakayeanza kunitetea naomba asinitetee.